Dramu Chini ya Mabati

Jumamosi, 9 Machi

Naanza kuandika leo kwa sababu watu maarufu huzuliwa mambo, na mimi sitaki kuzuliwa. Siku mtakapouliza yule bingwa wa dramu alianzaje, majibu ni haya hapa, kwa mwandiko wa kuku lakini ya kweli. Chumvi nimetia kidogo tu, ya kuonja.

Leo nimenunua dramu. Nimezinunua kwa kochi.

Mimi ni msaidizi wa mjomba wangu, fundi makochi. Jina langu la kazini ni Stapla. Nililipata wiki ya kwanza, nilipopigilia suruali yangu mwenyewe kwa stapla kwenye kochi la mteja, kisha nikainuka. Suruali ilibaki na kochi. Sasa, kulikuwa na fremu moja iliyotelekezwa na mwenyewe, mjomba akaniambia, "Jifunzie hiyo." Nikaitia mikanda mipya, springi, sponji ngumu na kitambaa cha kijani. Likatoka kochi mpaka mjomba akalizunguka mara mbili akitafuta kosa. Alipolipata alifurahi sana.

Huku nyuma, kinyozi wa mtaa wa pili alikuwa anatafuta mtu wa kumwondolea dramu zake za zamani. Mkewe kajifungua mapacha, na dramu zimekaa sebuleni palepale ambapo kochi lingekaa.

"Baba mapacha," mkewe alimwambia mbele yangu, kwa ule upole unaotisha, "mimi nanyonyesha watoto wako nimekaa juu ya ndoo."

Kinyozi akanitazama. Nikamtazama. Biashara ilifungwa palepale, kochi langu kwa dramu zake, yaliyobaki yalikuwa maringo tu. Nilizikagua dramu kama ninavyokagua kochi: nikatikisa miguu, nikagonga mbao, nikanusa. Pedali ina kutu lakini inapumua. Toazi kubwa lina ufa pembeni.

"Huu ufa vipi?"

"Huo unaongeza ladha," kinyozi akasema. Mkewe akakohoa.

"Unajua kupiga lakini?" kinyozi akaniuliza.

"Swali gani hilo, bro?"

"Basi kaa upige kidogo, usije ukasema nimekuuzia mbovu."

Nikamwambia nina kidonda kidoleni. Kidonda chenyewe nilikuwa nacho kweli, ila cha mguuni.

Jumapili, 10 Machi

Nimezifunga dramu karakana, kati ya makochi ya watu. Ile ngoma kubwa ya mguu ilinitia shaka, naitikisa nasikia kitu kinahama ndani. Nikafungua ngozi ya mbele nikakuta mto. Mto wa kulalia, na foronya yake! Mimi ni mtu wa makochi, najua mtu akijaza kitu mahali anaficha ubovu. Nikachungulia kote, ubovu sikuuona. Basi mto nikauchukua mimi, nitaulalia. Faida juu ya faida.

Nikakaa. Nikapiga mguu mara moja, pini zikaruka mezani. Nikapiga tena na mikono juu yake. Jamani! Nilihisi nimezaliwa upya, safari hii na kelele.

Mlango ukafunguka. Ni Nesi, mpangaji wa mjomba. Chumba chake na karakana vinachangia ukuta. Anafanya zamu ya usiku hospitali, kwa hiyo mchana wetu ndio usiku wake. Alikuwa na gauni la kulalia, soksi za kiume, nywele zote zimelalia upande mmoja.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna, Anti."

"Basi atakufa."

Mjomba akaja mbio, maana Nesi ndiye mpangaji pekee duniani anayelipa bila kukumbushwa. Wakazungumza pembeni, mimi nimeufyata. Hukumu ikatoka. Mvua zinakaribia, na mvua ikipiga mabati yetu Nesi hasikii hata mlango ukigongwa. Basi nipige wakati huo tu. Jua likiwaka, asisikie hata kijiti kikianguka. Na ili nisijiamulie mwenyewe mvua ipi ni kubwa, mjomba atasimama mlangoni aongee kwa sauti ya kawaida. Nikimsikia, sipigi.

Ana roho ngumu mwanamke huyu. Nasikitikia wagonjwa wake.

Jumatatu, 11 Machi

Jua.

Alhamisi, 14 Machi

Jua. Napiga mapaja yangu mpaka yamekuwa kama mikate.

Jumanne, 19 Machi

Lilikuja wingu moja jeusi, zuri, likapita juu yetu likaenda kwa watu wengine wasio hata na dramu.

Ijumaa, 22 Machi

Imenyesha!

Mjomba akasimama mlangoni. "Mpwa wangu ni mvivu."

"Nimesikia!"

Ikazidi. "Mpwa wangu ni mvivu na anakula kama mchwa."

"Nimesikia mpaka mchwa!"

Kisha ikashuka ile yenyewe. Nikaona mdomo wa mjomba unacheza, anasema maneno mengi kwa furaha kubwa, na mimi silipati hata moja. Nikashika vijiti.

Siwezi kueleza. Mabati yananguruma juu, mimi nanguruma chini.

Jumatano, 27 Machi

Najifunza kwa video za simuni. Mwalimu wa simuni anasema anza polepole, hesabu, usiwe na haraka. Yule hana shida, kwao umeme haukatiki na hangoji mawingu. Mimi mvua yangu inaweza kukatika wakati wowote, kwa hiyo nikianza tu lazima niikimbize ngoma nimalize kabla haijaisha. Leo nimefanya mguu, mkono na lile toazi la ladha kwa pamoja. Nilijisikia vizuri sana. Kusikia kwa masikio hasa sikusikia, kwa sababu ya mabati, lakini mtu anajijua.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua asubuhi, mvua mchana. Nimekuwa hatari.

Ijumaa, 5 Aprili

Hii muiandike kwa wino mzito.

Leo kaja mtu na stuli ya kubadilishwa ngozi. Ni mpiga kinanda, kiongozi wa ile bendi inayopiga kwenye ukumbi wa harusi karibu na stendi. Jina lake nalijua lakini hapa atakuwa Kinanda tu. Akaona dramu.

"Za nani hizi?"

"Zangu."

"Unapiga?"

"Tangu nina meno ya utoto." Mjomba, aliyekuwa na misumari mdomoni, nusura aimeze.

Kinanda akasema mpiga dramu wao kachukuliwa na bendi nyingine. Mvua hizi harusi hakuna, lakini zikikatika tu kila Jumamosi wana kazi, na kiti cha dramu kiko wazi. Kuna kijana mmoja wa kwaya anakitaka.

"Mvua zikiisha uje tukusikie," akasema.

"Mwambie yule wa kwaya aendelee kuimba," nikasema.

Alipoondoka mjomba akatema misumari kiganjani. "Meno ya utoto?"

"Biashara ni maneno, mjomba."

Lakini sasa roho iko juu. Kiti kile nakitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Makochi nayajua, na najua mwisho wake: mgongo wa mjomba, magoti ya mjomba. Ukumbini nitakaa mimi kwenye kiti, wengine ndio watasimama.

Jumatano, 10 Aprili

Mjomba anailaani mvua. Wateja hawaji kuchukua makochi, kitambaa kinanuka uvundo, gundi haikauki. Anatoka mlangoni, anaangalia juu, anatikisa kichwa. Mimi niko nyuma yake, naangalia juu pia, naomba kinyume chake. Tukawa watu wawili mlango mmoja, kila mtu na dua yake.

Jumamosi, 13 Aprili

Leo sitanii.

Mjomba amepata kazi kubwa, viti vya nyumba ya wageni, vile vya kukalia mapokezi. Vilikuwa vimekamilika, vimepangwa ukutani vinangoja gari. Asubuhi mjomba alienda kufuata vitambaa. Aliniambia, "Ikinyesha, angalia bati la pembeni linalovuja, uvute turubai." Nikasema sawa. Nilisema sawa kabisa, kwa mdomo wangu.

Ikanyesha. Mjomba hayupo wa kusimama mlangoni, nikajipima mwenyewe: nikajitukana kwa sauti, sikujisikia, nikakaa. Nilipiga kama mwendawazimu. Nilikuwa nimefika pale pagumu, pa kuvuka kutoka ngoma ndogo kwenda zile za juu halafu kurudi kwenye toazi, na leo nilikuwa navuka bila kuanguka. Nilifumba macho. Nikavuka tena, na tena.

Nilipofumbua macho mjomba amesimama mbele yangu, amelowa, mdomo wazi. Alikuwa anaita. Sijui tangu lini. Nilikuwa namwona anaita na simsikii, kwa sababu mvua ilikuwa ni ile yenyewe.

Nyuma yake maji yalikuwa yanatiririka ukutani, yanaingia kwenye viti. Yalikuwa yameshajaa kwenye sponji. Ukikandamiza kiti kimoja kwa kidole, kinatema kama mtoto.

Hakunigombeza. Alivuta turubai. Akaleta koleo, akakaa chini, akaanza kung'oa pini za kiti cha kwanza, moja moja, zilezile alizozipiga wiki nzima. Nikachukua koleo la pili nikakaa karibu yake. Hakusema "toka" wala hakusema "karibu." Kwa mtu anayeongea kama mjomba, ule ukimya uliniuma kuliko kupigwa na fremu.

Jumapili, 14 Aprili

Tumevua viti vyote ngozi. Sponji zimesimamishwa kila mahali, karakana imekuwa kama wodi.

Nesi alirudi asubuhi kutoka zamu, akachungulia. Nikangoja aseme yake. Akaziangalia sponji, akaingia chumbani kwake, akatoka na feni. Feni yake, ile anayolalia.

"Iwekeni katikati, igeuke," akasema.

"Na wewe utalalaje, Anti, na joto hili?"

"Kwa macho yaliyofumba."

Na alilala hivyohivyo. Nilimsikia akijigeuza upande wa pili wa ukuta, mchana kutwa. Niliyoandika juu ya roho yake tarehe kumi Machi, yafuteni. Mimi siyafuti, maana kalamu hii ikifuta inatoboa karatasi.

Ijumaa, 19 Aprili

Mvua kubwa. Sikupiga. Nilishona.

Jumapili, 28 Aprili

Viti vimeondoka. Mwenye nyumba ya wageni alivikalia kimoja kimoja, akasema vizuri. Gari lilipopinda kona mjomba akaniambia, "Haya, kapige, naona wingu." Nilitaka kumkumbatia, nikaona atanirushia nyundo.

Mvua ilikuwa ndogo. Nilimsikia kila neno.

Jumatano, 1 Mei

Jua. Mtaa mzima wanaanika magodoro na kucheka. Nimekaa juu ya rundo la sponji kama mfiwa.

Jumamosi, 4 Mei

Nimetoka ukumbini. Nitaandika yote, hata yale ya aibu, ila msomaji awe na huruma.

Walikuwa watatu: Kinanda, mtu wa besi, na mwanadada mwimbaji anayetafuna ubani hata akiimba. Dramu zao ziko juu ya jukwaa, zinang'aa. Nikapanda kama mwenye nyumba. Kinanda akasema tuanze na wimbo wa taratibu, wa maharusi kuingia.

Nikapiga.

Sasa, ukumbi ule hauna mabati ya kunguruma. Una dari, na nje jua. Kwa mara ya kwanza tangu nizinunue dramu, nilijisikia. Nyie! Mtu wa kwanza kushtuka nilikuwa mimi. Kelele gani zile? Nikaona nizikimbie, nikaongeza mwendo, na zenyewe zikaongeza. Maharusi wangeingia ukumbini, wangekula keki na kuachana kabla Kinanda hajafika kibwagizo. Mwimbaji alimeza ubani.

Kinanda akainua mkono. Nikaendelea. Akasimama, akaja, akashika toazi kwa kiganja.

"Wewe, unamkimbia nani?"

"Nani?"

"Ndio nakuuliza. Umezoea kupiga na nani?"

"Peke yangu," nikasema. "Na mvua."

Wakacheka mpaka mtu wa besi akashikilia ukuta. Ikabidi nieleze: mabati, Nesi, mjomba mlangoni na matusi yake. Nilidhani watacheka zaidi. Kinanda hakucheka tena.

"Na ile ngoma ya mguu yako, ndani ina mto?"

"Ulikuwamo."

"Uko wapi?"

"Naulalia."

Akajishika uso kwa mikono miwili; kumbe mto ule kazi yake ni kumeza kelele. Alipoitoa, akasema hivi: mikono yangu ipo, akili haipo. Nimejifunza kupiga kama mtu anayegombana na bati. Bendini mtu anapiga huku anasikiliza wenzake. Basi, kabla ya harusi ya kwanza atakuja karakana, mchana, siku moja ya jua, Nesi akiwa amelala. Tutapiga wimbo uleule, yeye na kinanda chake cha betri, mimi na dramu zangu, mpaka mwisho. Nesi akilala mpaka mwisho, kiti changu. Akiamka katikati, kiti cha yule wa kwaya.

"Na usimwambie," akaongeza, "maana atakuonea huruma."

"Huyo? Humjui," nikasema. Lakini nilikumbuka feni, nikajua Kinanda kamjua Nesi kuliko mimi.

Jumapili, 5 Mei

Nimemngoja Nesi mlangoni. Nikamwomba ruhusa ya kupiga jua likiwaka, kidogokidogo, nijifunze upole.

"Wewe? Upole?" Akanitazama kama anatafuta mshipa wa kuchoma sindano. "Sawa. Lakini ukiniamsha nagonga ukuta. Nikigonga, umeacha mpaka kesho yake."

"Nimekubali, Anti."

"Na kesho ukigongwa usininunie."

Nimerudisha mto mahali pake. Nimelalia mkono.

Jumatatu, 6 Mei

Nimegongwa kabla sijakaa sawa.

Jumanne, 7 Mei

Nimegongwa.

Alhamisi, 9 Mei

Nimegongwa. Mjomba amenikatia sponji nyembamba za duara, nikazilaza juu ya ngoma. Bado nimegongwa, ila nahisi alifikiria kwanza.

Jumapili, 12 Mei

Kupiga kwa nguvu ni kazi ya bega. Kupiga polepole ni kazi ya mwili mzima, mpaka vidole vya miguu vinatoka jasho. Unashika kijiti kama unashika kifaranga. Mikono inawasha kutaka kuachia. Miguu inataka kukimbia. Nahisi nina mchwa ndani ya mifupa. Nilifika nusu ya wimbo. Toazi la ladha likanisaliti.

Jumatano, 15 Mei

Nimetoa sponji zote. Mjomba alisema ukumbini sitapewa sponji, kwa hiyo nijifunze na ngozi tupu. Nimegongwa mara moja, na ilikuwa saa zile anazoamka mwenyewe, kwa hiyo naihesabu ni salamu.

Ijumaa, 17 Mei

Leo nimepata kitu. Nikipiga chini hivi, nasikia mambo mengine: mkasi wa mjomba unavyokula kitambaa, jinsi anavyovuta pumzi kabla ya kugonga msumari. Nikaanza kumfuata. Akipunguza, napunguza. Hakujua. Halafu akajua, akaanza kunitega, anasimamisha nyundo hewani makusudi. Sikuanguka. Tuliendelea hivyo mchana wote bila neno.

Nesi aligonga ukuta mwishoni kabisa.

Jumatatu, 20 Mei

Harusi ya kwanza ni Jumamosi. Kinanda hajatokea. Kila pikipiki ikipita nainuka. Mjomba anasema nitatoboa sakafu.

Jumanne, 21 Mei

Kimya. Labda kiti kimeshachukuliwa. Nimemwambia mjomba sijali. Akasema, "Naona." Nilikuwa nimepigilia kitambaa cha kochi ndani nje.

Alhamisi, 23 Mei

Amekuja leo, jua limeanza kulegea, kinanda cha betri kwapani. Hakusalimia kwa sauti, alinipungia tu kama mwizi. Mjomba akafunga duka la kazi: akaweka nyundo chini, akakaa juu ya mkono wa kochi, akakunja mikono. Upande wa pili wa ukuta tukasikia Nesi anakoroma kidogo. Kinanda akaninyooshea kidole pale ukutani, kisha kwenye dramu.

Akaanza. Nikangoja. Zamani nisingengoja. Nilimwachia aingie, afungue mlango wa wimbo, ndipo nikatia mguu, laini, mto ukaumeza. Vijiti nimevishika kama vifaranga. Tukaenda. Pale pa kwanza pa kuvuka mchwa wakaamka mifupani: kimbia, kimbia, itakatika! Nikamwangalia Kinanda. Hakuna kinachokatika. Jua liko pale pale, dirishani. Nikavuka nikitembea.

Katikati ya wimbo koromo likanyamaza.

Kinanda akanitazama. Mjomba akasimama. Mikono yangu ilitaka kuganda, nikaona nikiacha ndio nimeharibu, nikaendelea. Kitanda kikalia upande wa pili, mtu anageuka. Nikashusha mpaka nilikuwa kama nafuta vumbi kwenye ngoma. Nasikiliza kinanda kwa sikio moja, ukuta kwa lingine. Tukapita kibwagizo. Tukapita tena. Koromo likarudi, zito kuliko la kwanza, na mjomba akajiziba mdomo asicheke. Kinanda akapiga mwisho, mimi nikaligusa toazi la ladha kwa ncha tu, ufa wake ukanong'ona, basi.

Mimi, Stapla, niliyetaka mtaa mzima unisikie, nilikaa pale napumua mdomo wazi kwa sababu mtu mmoja hakunisikia.

Ghafla mlango wa Nesi ukabamizwa. Akaingia na sare zake, kifungo kimoja kimeruka, viatu mkononi.

"Stapla! Mbona leo hukupiga? Mimi nategemea kelele zako kuamka! Nimechelewa kazini!"

"Nimepiga, Anti."

"Umepiga nini?"

"Wimbo mzima," Kinanda akasema, anafunika kinanda chake. "Mpaka mwisho."

Nesi akamwangalia, akaangalia dramu, akaniangalia mimi toka juu hadi chini. "Mwongo na shahidi wake," akasema, akatoka mbio.

"Jumamosi uje mapema tufunge vyombo," Kinanda akaniambia. "Na uvae shati lenye vifungo."

Nilitaka kuruka juu ya makochi yote, lakini Nesi alikuwa anahangaika barabarani. Nikamkimbilia, nikasimamisha pikipiki, nikamshikia begi huku anavaa viatu kwa mguu mmoja mmoja, ananishika bega.

"Na kesho nani ataniamsha sasa?"

"Mimi. Nitakuja kukugongea mlango."

Akapanda nyuma, akapokea begi. "Kwa mkono," akasema. "Usije na vijiti."